Mimba, Dhambi na Sheria: Mamlaka ya Dola katika Suala la Kutoa Mimba

Kutoa mimba ni kosa la jinai katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, lakini sheria inayolifanya tendo hilo kuwa kosa haikutungwa na kadhi, askofu wala baraza la wazee. Ilitoka London. Mwaka 1861 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya makosa dhidi ya mwili wa mtu, na vifungu vyake vya 58 na 59 vikaweka adhabu kwa mwanamke anayejitoa mimba na kwa yeyote anayemsaidia. Serikali ya kikoloni ilivihamishia vifungu hivyo katika kanuni za adhabu za Kenya na Tanganyika mwaka 1930, na uhuru ulipokuja vikabaki. Nchini Kenya ni vifungu vya 158 hadi 160, Tanzania Bara ni vya 150 hadi 152, na viwango vinafanana: miaka 14 jela kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, miaka 3 kwa anayetoa dawa au kifaa huku akijua kitatumika kwa kazi hiyo. Uingereza yenyewe ililegeza masharti yake mwaka 1967.

Hata hivyo, mjadala wa hadharani kuhusu jambo hili huendeshwa kwa lugha ya dini. Wanaotetea adhabu husema uhai ni wa Mungu. Wanaoipinga husema mwili ni wa mwanamke. Katika mabishano hayo maswali mawili huchanganywa. La kwanza linahusu kijusi: ni nini, na kinastahili ulinzi gani? La pili linahusu dola: ina mamlaka gani ya kumlazimisha mwanamke, kwa polisi na jela, abebe mimba mpaka mwisho? Mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba kutoa mimba ni dhambi nzito, na bado akaona kwamba jela si mahali pake. Kulijibu swali la kwanza si kulijibu la pili, na dini zenyewe zikisomwa kwa makini zinaonyesha kulijua hilo tangu zamani.

Katika Uislamu mjadala huanzia kwenye hatua za uumbaji zinazotajwa katika sura ya 23 ya Kurani: tone la manii, pande la damu, pande la nyama, mifupa, nyama juu ya mifupa, kisha kiumbe kingine. Hadithi ya Abdallah bin Masud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inagawa muda huo katika siku 40 mara tatu kabla ya malaika kupuliza roho. Ndipo ilipotoka hesabu ya siku 120. Baada ya siku hizo wanazuoni karibu wote wanakubaliana kwamba kuitoa mimba ni haramu, isipokuwa kwa kumwokoa mama. Kabla yake walitofautiana sana. Wahanafi wengi waliruhusu penye udhuru, na mfano wao mmoja unagusa maisha ya kawaida kabisa: mama ananyonyesha, mimba mpya inakatisha maziwa, na baba hana uwezo wa kumwajiri mnyonyeshaji mwingine, hivyo inahofiwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa atakufa. Wamaliki walikuwa wakali zaidi, wengi wao wakikataza tangu mbegu inapotua kizazini. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, rai ziligawanyika. Imamu Ghazali, Mshafii mwenyewe, alilikataza tendo hilo katika hatua zote ndani ya *Ihya Ulum al-Din*, lakini akasema uovu wake huzidi kadiri mimba inavyokua.

Lisilotazamwa sana ni namna fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ilivyolishughulikia tendo lenyewe. Aliyempiga mjamzito hadi mimba ikatoka alitakiwa kulipa ghurra, fidia iliyo sehemu moja ya ishirini ya diya, yaani fidia ya damu, ya mtu kamili, na kwa Washafii akaongeza kafara. Mtoto akitoka hai kisha akafa, diya ilikuwa kamili. Hakuna hadi, yaani adhabu maalumu ya sharia, iliyowekwa kwa kutoa mimba. Dai lilikuwa la warithi, na toba ilikuwa baina ya mja na Mola wake. Mazishi nayo yanafuata ngazi hizohizo. Kwa Washafii, mimba iliyotoka kabla ya kuwa na umbo hufukiwa tu. Iliyofikisha miezi minne huoshwa, huvishwa sanda na kuzikwa. Sala ya jeneza huhifadhiwa kwa mtoto aliyeonyesha dalili ya uhai. Mwanamke wa Lamu au Unguja aliyeharibikiwa na mimba anazijua ngazi hizi bila kufungua kitabu, kwa kuwa ameona mama na shangazi zake wakizifuata.

Wanazuoni wa karne ya 20 waliongeza hoja iliyokuja kutumika sana: mama ni shina na kijusi ni tawi, wala shina halikatwi ili tawi lisalimike. Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar, ni mmoja wa waliofuata njia hiyo. Mwaka 1990 baraza la fikihi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka na kuruhusu mimba itolewe kabla ya siku 120 pale jopo la madaktari linapothibitisha kwamba kijusi kina ulemavu mzito usiotibika. Tunisia, nchi ya Waislamu, imeruhusu kutoa mimba katika miezi mitatu ya mwanzo tangu 1973.

Ukristo nao haukuwa na hesabu moja. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ya kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ilitofautisha kijusi chenye umbo na kisicho na umbo, na tofauti hiyo ikamfikia Agostino na wengi waliomfuata. Katika karne ya 13 Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, alifundisha kwamba roho yenye akili haimwingii mtoto mwanzoni mwa mimba, huja baada ya mwili kuandaliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyehalalisha kutoa mimba. Walichotofautisha ni dhambi ya kuua mtu na dhambi ya aina nyingine. Papa Sixtus V alifuta tofauti hiyo mwaka 1588 na kuweka adhabu ya kutengwa na Kanisa kwa mimba ya umri wowote. Miaka mitatu baadaye Gregory XIV akairudisha. Ni Pius IX, mwaka 1869, aliyeiondoa tena, na msimamo huo ndio unaosikika leo katika barua za maaskofu wa Kenya na Tanzania. Una historia fupi kuliko wengi wanavyodhani, ingawa ufupi wa historia peke yake si dosari ya mafundisho.

Thomas huyohuyo anapozungumzia sheria za wanadamu katika *Summa Theologiae*, anasema hazikukusudiwa kukomesha kila uovu. Zinatungwa kwa ajili ya umma ambao wengi wao hawajakamilika katika wema, kwa hiyo hukataza yale mazito zaidi, hasa yanayodhuru wengine na ambayo jamii isingedumu bila kuyakataza. Mtetezi wa adhabu atajibu, na ni jibu la haki, kwamba kuua ndilo ovu la kwanza kati ya hayo, na kwamba kijusi ni mwingine anayedhuriwa. Lakini hata kanuni za adhabu zilizoletwa na ukoloni hazikukichukulia kijusi hivyo. Kifungu cha 214 cha Kenya, na cha 204 cha Tanzania, vinasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale anapotoka mzima, akiwa hai, katika mwili wa mama yake. Ndiyo maana adhabu ya kutoa mimba haikuwahi kulingana na ya mauaji. Hakuna mbunge anayependekeza mwanamke aliyejitoa mimba ya wiki sita ahukumiwe kama aliyemwua mwanawe wa miaka sita, na kusita huko kunaonyesha watu wengi wanaamini nini hasa, hata wanaposema kwa sauti kubwa kwamba hakuna tofauti.

Kuhusu mila za Kiafrika, mwanatheolojia John Mbiti alieleza katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu huwa mtu ndani ya jamii, na jamii hiyo inawajumuisha waliokufa, walio hai na wanaotarajiwa kuzaliwa. Kwa fikra hiyo mimba haiwezi kuwa jambo la mwanamke peke yake, kwa maana ukoo mzima una sehemu ndani yake. Papo hapo utu ulijengwa hatua kwa hatua, kwa kupewa jina, kunyolewa nywele za kwanza, jando au unyago, ndoa. Mila hizi husifiwa leo kana kwamba zilikuwa na upole zaidi kuliko sheria ya mkoloni. Si kila mahali. Katika Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Akampene, ambako Wakiga waliwapeleka wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa na kuwaacha huko wafe kwa njaa, wasipotokea wanaume wasio na mali ya mahari wa kuwachukua kuwa wake zao. Aliyewatia mimba hakupelekwa kisiwani.

Swali la mamlaka lilitiwa makali na mwanafalsafa wa Marekani, Judith Jarvis Thomson, katika makala ya mwaka 1971. Alikubali, kwa ajili ya hoja tu, kwamba kijusi ni mtu tangu mwanzo, kisha akauliza kama hilo linatosha. Katika mfano wake mtu aliyetekwa anaamka na kujikuta ameunganishwa kwa mipira na mpiga fidla mgonjwa wa figo, ambaye atakufa wakitenganishwa kabla ya miezi tisa. Kukaa ni wema mkubwa. Lakini je, yupo mwenye haki ya kumlazimisha akae? Udhaifu wa mfano unaonekana wazi: mimba nyingi hazitokani na kutekwa, na mama si mgeni kwa mtoto wake. Mwanafalsafa mwingine, Don Marquis, alijibu kutoka upande wa pili mwaka 1989. Kwake yeye, ubaya wa kuua ni kumnyang'anya anayeuawa maisha yake ya mbele, na kijusi kina maisha ya mbele kama ya mtu mwingine yeyote. Hoja ya Marquis ni nzito, na wanaotetea uhuru wa mwanamke hawafanyi haki wanapoipita kimya. Ila inaeleza kwa nini tendo linaweza kuwa baya. Haielezi dola inapata wapi ruhusa ya kuutumia mwili wa mtu mmoja kwa ajili ya uhai wa mwingine. Hakuna sheria ya Kenya wala Tanzania inayomlazimisha baba kutoa figo, wala hata chupa moja ya damu, kwa mtoto wake aliyelazwa wodini na anayekufa kwa kuikosa. Watu watamlaumu baba huyo vikali, na pengine watakuwa na haki, lakini polisi hawatamfunga kitandani.

Dola iliyojipa ruhusa hiyo kikamilifu ilikuwa Romania. Mwezi Oktoba 1966 kiongozi wake, Nicolae Ceaușescu, alitoa Amri Na. 770 iliyopiga marufuku kutoa mimba kwa karibu wanawake wote, isipokuwa wachache kama waliovuka umri uliowekwa au waliokwisha kuzaa watoto wanne. Utawala wake haukumwamini Mungu wala haukujadili roho. Ulitaka nguvu kazi. Mwaka 1967 idadi ya vizazi ilikaribia kuwa maradufu. Kisha wanawake walijifunza njia za siri na idadi ikaanza kushuka tena, lakini vifo vya wajawazito vikapanda na kubaki juu kwa miaka zaidi ya ishirini. Wanawake wa viwandani walipangiwa kupimwa ili mimba zijulikane mapema, na waliofika hospitalini wakivuja damu walihojiwa na maafisa wa usalama. Wapatao 10,000 walikufa kwa mimba zilizotolewa kienyeji. Amri hiyo ilikuwa miongoni mwa sheria za kwanza kufutwa Desemba 1989, siku moja baada ya Ceaușescu kuuawa, na katika mwaka uliofuata vifo vya wajawazito vilipungua kwa karibu nusu.

Nguvu iyo hiyo huenda upande wa pili. China, chini ya sera ya mtoto mmoja iliyoanza mwaka 1980, iliwatoa mimba kwa nguvu wanawake waliotaka kuzaa. Nchini Peru, wakati wa utawala wa Rais Alberto Fujimori, maelfu ya wanawake wa jamii za asili walifungwa kizazi bila ridhaa ya kweli. Anayekubali kwamba tumbo la uzazi ni eneo la utawala wa serikali hana hoja ya kuizuia serikali inapobadili nia, na waumini wanaoitaka dola iwasaidie kulinda mimba wana sababu ya kulitafakari hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Kenya ni mahali ambapo maswali haya yaliandikwa ndani ya katiba yenyewe. Katiba iliyozinduliwa 27 Agosti 2010 inasema, katika ibara ya 26, kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Ibara hiyohiyo inapiga marufuku kutoa mimba, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, matibabu ya dharura yanahitajika, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Makanisa makubwa yalipiga kampeni ya kuikataa rasimu kwa sababu ya sehemu hiyo na ya mahakama za kadhi. Wananchi wakaipitisha kwa takriban asilimia 67 ya kura. Jambo jipya lilikuwa neno afya, lililowekwa kando ya neno uhai. Tangu kesi ya Uingereza ya Rex dhidi ya Bourne ya mwaka 1938, iliyomhusu msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, mahakama zilikuwa zimekubali kwamba kuokoa uhai ni pamoja na kumnusuru mtu asivunjike mwili na akili. Katiba iliandika waziwazi kilichokuwa kimetegemea huruma ya majaji.

Utekelezaji ulienda vingine. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kwa watumishi wake kuhusu lini na vipi huduma hiyo itolewe. Desemba 2013 iliuondoa, na Februari 2014 ikapiga marufuku mafunzo. Kanuni ya Adhabu ilikuwa bado ileile ya 1930. Utafiti uliofanywa na wizara hiyo pamoja na kituo cha utafiti cha APHRC ulikuwa umekadiria mimba zaidi ya 460,000 zilizotolewa nchini mwaka 2012, na wanawake karibu 120,000 waliotibiwa kwa madhara yake. Mmoja wa walioathiriwa na pengo lililoachwa na mwongozo huo alikuwa msichana wa kusini-magharibi mwa Kenya aliyebakwa mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 14. Alitolewa mimba na mtu asiye na ujuzi, akahamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, figo zake zikashindwa kazi, na akafa mwaka 2018 kesi iliyofunguliwa kwa ajili yake ikiwa bado mahakamani. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba wizara ilivunja sheria kwa kuondoa mwongozo, na wakaamuru mama yake alipwe fidia ya shilingi milioni 3.

Miezi michache baada ya hukumu hiyo, mwanafunzi wa sekondari katika kaunti ya Kilifi alifika kwenye kliniki akiwa na maumivu makali na akivuja damu. Tabibu aliyemhudumia alibaini kwamba mimba ilikuwa imeharibika, akamtibu. Polisi waliingia, wakawakamata wote wawili, na binti akapelekwa hospitali nyingine kupimwa bila hiari yake ili ushahidi upatikane. Alikaa mahabusu ya watoto zaidi ya mwezi mmoja. Tarehe 24 Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi aliifuta kesi na kusema huduma ya kutoa mimba, ndani ya mipaka ya katiba, ni haki inayolindwa. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa. Bila kujali mwisho wa mabishano ya wanasheria, tukio lenyewe linaonyesha sheria hufanya nini inapofika chumba cha matibabu. Mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa zinafanana mbele ya macho ya askari, kwa hiyo kila mwanamke anayevuja damu anakuwa mtuhumiwa, na mtabibu anayemgusa anakuwa mshirika wake.

Tanzania haina kesi za namna hiyo za kutosha kuunda mjadala, na ukimya huo hauna maana kwamba tatizo ni dogo. Wauguzi wa wodi za uzazi wanazijua njia zinazotumika: majani ya chai yaliyochemshwa yakawa meusi, jivu lililochujwa, sabuni ya unga, vidonge vya malaria kwa wingi, kijiti cha muhogo. Sheria inaruhusu mwanamke aliyekwisha kudhurika asafishwe kizazi na kutibiwa. Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama. Kinachobaki gizani ni kila kilicho kati ya uzima na kifo, yaani ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, ugonjwa wa akili, msichana wa darasa la sita.

Hapa ndipo deni la dola linapodaiwa. Serikali inayomwamuru msichana azae inajifunga kumsaidia kulea, na kwa muda mrefu Tanzania ilifanya kinyume. Wanafunzi walipimwa mimba shuleni, na waliopatikana nayo walifukuzwa. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi mzazi atakayerudi shule ya serikali. Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 1985, mwanamke asiye na mume aliyepata mimba aliweza kufungwa jela hadi miaka miwili, mpaka sheria hiyo ilipobadilishwa mwaka 2005. Kutoa mimba kosa, kubaki nayo kosa. Katika hali hiyo dai la kulinda uhai wa kijusi haliaminiki, maana mama na mtoto wanaadhibiwa pamoja mara tu mtoto anapoonekana. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni. Uamuzi huo una nafasi ya kuokoa mimba nyingi kuliko miaka 14 ya kifungo, kwa kuwa hofu ya kufukuzwa ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowapeleka wasichana kwa waganga wa vichochoroni.

Afrika kama bara ilikwisha kujaribu kuweka kipimo cha pamoja. Itifaki ya Maputo, iliyopitishwa Julai 2003, inazitaka nchi wanachama kuruhusu huduma ya kitabibu ya kutoa mimba katika ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, na pale mimba inapohatarisha afya ya akili au ya mwili ya mama, au uhai wa mama au wa kijusi. Haimpi mwanamke uhuru usio na mpaka. Wala haikubaliani na msimamo wa Kanisa Katoliki. Kenya na Uganda ziliridhia mwaka 2010 huku zikikataa kufungwa na kipengele hicho. Rwanda iliondoa kipingamizi chake mwaka 2012, na mwaka 2018 ikafuta sharti la mwanamke kwenda kwanza mahakamani kuomba kibali. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliichapisha itifaki katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018, na kwa katiba yake mkataba ukishachapishwa una nguvu kuliko sheria ya nchi. Tanzania iliridhia mwaka 2007 bila kipingamizi chochote, lakini Bunge halijautungia mkataba huo sheria, na vifungu vya 150 hadi 152 havijaguswa. Mtabibu wa wilayani anayempokea binti aliyebakwa amekaa kati ya hati hizo mbili, na anayoweza kushtakiwa nayo ni Kanuni ya Adhabu.